Kinywa cha Pikipiki ya Nemesia

Chama cha waendesha pikipiki za abiria cha Huayllapata hakina kifungu kinachomzuia mwanamke. Nakijua kitabu cha kanuni vizuri, kwa kuwa mimi ndiye niliyekinakili upya mwaka ule panya walipokila cha kwanza, na naweza kuapa kwamba neno mwanamke halimo. Kilichomo ni kilima. Kanuni ya tisa inasema kwamba anayeomba kizibao cha chama atampakia katibu mkuu nyuma yake siku ya sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo, atampandisha kutoka uwanja wa kanisa mpaka msalaba wa Kalvario, na mguu wa katibu mkuu hautagusa ardhi njiani. Kanuni hiyo ilitungwa zamani, wakati katibu mkuu alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi. Waliotunga hawakufikiri kwamba makatibu hubadilika.

Katibu mkuu wa sasa ni don Gumercindo Lupa. Siku moja sokoni wenzake walimpandisha kwenye mizani ya viazi kwa mzaha, akatoka kilo mia moja na kumi na mbili, bila kofia. Tangu hapo idadi ya wanachama imesimama kwenye kumi na wanane.

Nemesia Colque alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa nimemfundisha fizikia alipokuwa na kumi na minne. Kila alfajiri alikusanya jibini kwa wafugaji wa bondeni kwa pikipiki yake ya mtumba, akaileta sokoni. Kazi hiyo humalizika saa tatu asubuhi. Baada ya hapo pikipiki ililala na mwenyewe akakaa, kwa maana asiye na kizibao cha rangi ya chungwa haruhusiwi kupakia abiria hata mmoja pale uwanjani. Mwaka uliotangulia alijaribu kilima, na injini ikamzimikia kwenye kona ya nne kati ya tano. Don Gumercindo alishuka akaumalizia mlima kwa miguu, ameshika kofia yake kifuani kama mtu aliyefukuzwa harusini. Na kanuni ya kumi inasema kwamba aliyeshindwa sikukuu mbili haleti barua ya maombi tena. Kwa hiyo Agosti ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake.

Alinijia kwenye lango la shule mwezi wa Juni.

“Injini haina ubaya wowote, Mwalimu,” aliniambia. “Inakosa pumzi tu. Kama wewe ukipanda ngazi za ofisini.”

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Huayllapata iko mita elfu nne na mia moja juu ya bahari, bahari ambayo nchi yetu, kwa vita vinavyojulikana, haina tena. Ukijaza debe kwa hewa ya kwetu, unapata sehemu sita tu kati ya kumi ambazo mtu wa pwani angezipata katika debe lile lile. Injini iliyoundwa na watu wa nchi tambarare huvuta hewa hiyo nyepesi, kisha kabureta huipa petroli ya hewa nzito, nayo hushiba kabla haijala. Nilimwomba anionyeshe plagi. Ilikuwa nyeusi kama chungu cha nyanya yangu.

Tukaenda kwa don Zenobio Calizaya. Don Zenobio hutengeneza pikipiki na vyombo vya bendi katika chumba kimoja, na mtu asiyetazama vizuri anaweza kutoka humo na bomba la moshi akidhani amenunua tromboni. Yeye mwenyewe hupiga besi katika bendi ya matarumbeta ya mji, lile baragumu kubwa linalomzunguka mpigaji kama chatu. Ana mapafu ya ng’ombe na maneno machache. Alisikiliza injini kwa dakika moja, amefumba macho, akabadilisha kwanza kile kipande cha shaba chenye tundu kinachopimia petroli, akaweka chenye tundu dogo zaidi. Kisha akasema kwamba hilo ni nusu ya kazi. Petroli imepunguzwa, sasa hewa iongezwe.

Akapanga mezani njia tatu za kuingizia hewa. Ya kwanza ilikuwa sanduku la kiwandani lenye kichujio cha karatasi, ambalo alisema linailazimisha injini kupumua kupitia blanketi. Ya pili ilikuwa sifongo jekundu lenye umbo la pia, lililochorwa fuvu linalocheka, ambalo vijana hununua mjini Oruro na kuamini kwamba fuvu ndilo linaloongeza mbio. Hilo hukaa nyuma kabisa ya injini, likanywa hewa ya moto na vumbi. Ya tatu ilikuwa bomba la shaba lenye kinywa kilichopanuka kama ua. Lilikuwa kipande cha besi iliyokanyagwa na lori wakati wa kanivali.

“Kitu kinachopumua ni mwanamuziki,” alisema don Zenobio. “Mpe bomba lake.”

Nemesia alilichagua hilo la tatu bila kuuliza tena, na mimi nikaunga mkono, maana fizikia ilikuwa upande wake. Valvu ya injini inapojifunga, hewa iliyokuwa ikikimbilia ndani hugonga mlango na kurudi nyuma kama wimbi. Wimbi likifika kwenye kinywa cha bomba, hugeuka na kurudi tena. Bomba likiwa na urefu unaofaa, wimbi hufika mlangoni wakati ule ule mlango unapofunguliwa, likaingia na hewa ya ziada bila kubisha hodi. Likiwa refu mno au fupi mno, hukuta pamefungwa. Swali lote lilikuwa urefu.

Nilipiga hesabu kwa jioni mbili. Niliingiza kasi ya sauti katika hewa yenye baridi ya kwetu, nikaingiza mizunguko ya injini, nikapata sentimita arobaini na moja. Don Zenobio aliitazama karatasi yangu kwa heshima, akaipindua kuona kama nyuma kuna kitu, akaniuliza kama vitabu vyangu vimewahi kupanda Kalvario. Nikakiri kwamba bado. Yeye kwa sikio lake alisema thelathini na nne.

Tulikata kwa sentimita arobaini na moja, kwa kuwa bomba hupunguzwa, haliongezwi. Ilibaki kupata mzigo wa kujaribia. Don Gumercindo hakuweza kuombwa, kwa hiyo nilitoa magunia mawili ya viazi kutoka ghala la nyumbani, nikayabeba mwenyewe moja baada ya jingine mpaka kwenye pikipiki, nikastaajabu kidogo kuona kwamba umri haujanichukua nguvu. Nemesia aliyafunga nyuma akaondoka. Pikipiki ilipanda Kalvario kama mbuzi aliyeona majani. Ilifika msalabani ikageuka ikarudi, na pale chini tukakumbatiana watu watatu tusiokumbatiana kwa kawaida. Nilimkumbusha don Zenobio kwamba arobaini na moja si namba ndogo.

Nemesia ndiye aliyekwenda kufungua kamba. Aliinua gunia moja kwa mkono mmoja, akalishikilia hewani, akanitazama.

“Mwalimu, umenipakilia chuño.”

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeingia ghala lisilo la viazi vibichi na kuchukua viazi vilivyokwisha kugandishwa na baridi ya Juni, vikakanyagwa na kukaushwa juani mpaka vikawa vyepesi kama vizibo. Gunia hujaa vilevile, na kwa macho ni gunia tu, ila mzigo ule wote haukufika hata theluthi ya don Gumercindo. Don Zenobio alikwenda kukaa nyuma ya besi yake, na besi ikatetemeka kwa muda mrefu.

Siku ya pili tulipakia viazi vibichi, tukavipima kwanza. Pikipiki ilikwama kwenye kona ya tatu. Nikarudi kwenye hesabu, nikagundua kosa langu: nilikuwa nimechukua mizunguko ya gia ya pili. Gia ya pili haijapata kumpandisha don Gumercindo popote. Atapandishwa kwa gia ya kwanza, injini ikizunguka haraka zaidi, na mlango unaofunguliwa haraka unahitaji wimbi linalorudi mapema, yaani bomba fupi. Nilipoingiza namba mpya nilipata thelathini na nne na nusu. Niliileta karatasi karakanani nikiwa nimeifunika hiyo nusu kwa kidole gumba, lakini don Zenobio aliiona.

Tulikata upana wa kidole kwa kila jaribio, kwa majuma matatu. Nemesia alipanda na viazi, don Zenobio akasimama chini amefumba macho. Bomba refu liliguna. Likafupishwa, likawa linalia puani. Jumamosi moja mwezi wa Julai sauti ilitoka kilimani nene na safi, ikashikilia noti moja tangu kona ya kwanza mpaka msalabani, na don Zenobio akafumbua macho akasema hilo liachwe. Hatukulipima tena. Alilipitisha chini ya kiti, kinywa kikatokeza upande wa kulia karibu na goti la abiria, kikitazama mbele, kipana kama kisahani. Ili kuzuia vumbi la Agosti alikivisha soksi ya nailoni ambayo mkewe huivaa akicheza kanivali, akaikaza kwa waya.

Sasa kifaa kipya hakitumiki bila mama msimamizi. Kwetu keki ya harusi ina msimamizi wake, jezi za timu zina msimamizi wake, bati la paa lina msimamizi wake, na injini iliyobadilishwa pumzi isingeweza kuwa yatima. Nemesia alifikiri siku tatu, kisha akamwomba doña Basilia, mke wa don Gumercindo. Nililiona kuwa jambo la busara kubwa. Doña Basilia akikubali, Nemesia anakuwa komadre wake, ndugu yake wa usimamizi, na don Gumercindo, apende asipende, anaamka asubuhi kompadre. Mtu hawezi kumwombea kompadre wake kushindwa. Doña Basilia alikubali akitokwa na machozi, na aliahidi kuibariki pikipiki mwenyewe, uwanjani, mbele ya mtakatifu, dakika ile ile ya kuondoka.

Sisi watatu tulikuwa tumefikiria baridi, mizunguko, mawimbi na undugu. Hatukufikiria kwamba mwezi ni Agosti.

Mwezi wa Agosti ardhi hufungua kinywa. Imeteseka na baridi, ina njaa, na anayepita bila kuilisha anajitafutia mwaka mbaya. Mashamba hulishwa, milango hulishwa, mashimo ya mgodi hulishwa. Humwagiwa bia, hutupiwa chengachenga za karatasi za rangi, na kila mmoja hutoa alicho nacho. Na doña Basilia si mwanamke wa kutoa kidogo. Kondoo waliochinjwa kwake wamekufa wakijua wamebarikiwa.

Chama kiliniweka shahidi kwenye kona ya nne, nikiwa na bendera nyekundu ya kuinua mguu utakapogusa ardhi. Kwa hiyo yaliyotokea uwanjani niliyapata baadaye kwa don Zenobio, ambaye aliyatazama akiwa amefungiwa ndani ya besi yake bila uwezo wa kuingilia. Doña Basilia alimwagia bia gurudumu la mbele, akamwagia la nyuma. Akalirushia tangi karatasi, akamrushia Nemesia, akamrushia mumewe, aliyekwisha kukaa mahali pake mwenye kizibao namba moja na uso wa kazi. Ndipo akakiona kile kinywa. Kilikuwa wazi, kinanguruma, kinavuta. Akakisogezea kiganja, na karatasi zikaenda zenyewe, kama kuku wanaoitwa.

“Tazameni ilivyo na njaa, masikini,” alisema, akakimiminia chupa iliyobaki na kukimalizia mfuko mzima.

Nikiwa juu, mimi nilisikia bendi ikianza na pikipiki ikiondoka. Kona ya kwanza noti ilikuwa ile ile ya Julai. Kona ya pili ilianza kupanda, nyembamba, kama mtu anayekabwa na mfupa. Kona ya tatu ilikuwa kikohozi. Niliwaona wakitokeza wakiwa na moshi mweusi nyuma yao na rangi za kila aina mabegani, wakasogea, wakasogea kidogo tena, wakafika mbele yangu. Hapo injini ikazimika.

Nemesia alikaza breki na kukita miguu yote miwili. Kilima pale kimesimama kama ngazi.

“Usisimame hapa, mwanangu,” alisema don Gumercindo nyuma yake. “Mwaka jana nilishuka hapa hapa. Watu watasema nina shamba hapa.”

Nemesia aligeuza shingo akatazama chini ya kiti. Soksi haikuonekana. Juu yake palikuwa na kitu kinene, cha waridi, kijani na njano, kimelowa bia na kuanza kuganda, laini na kizuri kama keki. Injini ilikuwa imekivuta kwa nguvu zake zote mpaka imejitia kizibo yenyewe.

Aliniomba nibandue. Nilimwambia, kwa huzuni lakini kwa usahihi, kwamba kanuni ya kumi na moja inamkataza shahidi kugusa pikipiki. Aliomba basi don Gumercindo ainame abandue yeye. Don Gumercindo aliinama kwa nia njema. Tumbo lilifika kwanza, na safari ikaishia hapo. Alijaribu kwa ubavu, pikipiki nzima ikalala upande wa bonde, akaacha. Nemesia mwenyewe hakuweza kuachia breki, kwa sababu angeachia, wote wawili wangerudi uwanjani kwa mwendo ambao kanuni haikuutarajia. Chini bendi ilikuwa imenyamaza. Mji mzima ulikuwa umeinua nyuso.

Kisha don Gumercindo aliushusha mguu wake wa kulia, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya mto asubuhi. Ukagusa. Akaufuatisha wa kushoto, akachuchumaa akihema, akabandua ile keki kipande kwa kipande kwa kucha zake, akaikung’uta soksi, akapanda tena, akatulia. Kutoka uwanjani jiwe kubwa lililoko kwenye kona lilimficha. Aliyeona ni mimi peke yangu.

“Vumbi la Agosti, Mwalimu,” alisema akitazama mbali. “Linaingia machoni vibaya. Mtu haoni hata kidole chake.”

Bendera ilikuwa mkononi mwangu. Nimesahihisha mitihani kwa miaka ishirini na sita na sijawahi kumpa mtu alama ambayo si yake. Lakini pia nilimjua msichana huyu tangu alipokuwa akija shuleni na vidole vilivyopasuka kwa baridi, na nilijua ni nini kitakachofungwa nikiinua kile kitambaa. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kuwa kipofu wa dakika tano.

“Ameshuka, Mwalimu,” alisema Nemesia. “Andika.”

“Nyamaza wewe,” alisema don Gumercindo. “Mzigo haukushuka. Aliyeshuka ni kompadre wako. Ni mambo mawili.”

“Na mguu ni wa nani?”

Don Gumercindo aliutazama mguu wake. “Mguu ni mmoja,” akakiri.

“Basi. Wale kumi na saba kule chini watanitazama mwaka mzima wakisema alipewa huyo. Mimi sitaki kupewa.”

Alisema hivyo bila hasira, mkono wake ukiwa bado umekaza breki. Ndipo akili yangu, ambayo hufanya kazi polepole lakini haisahau ilichokinakili, ikanifungulia ukurasa. Niliwaambia kwamba kanuni ya kumi inahesabu sikukuu. Aliyeshindwa sikukuu mbili, ndivyo ilivyoandikwa. Sikukuu haimaliziki mpaka sanamu ya mtakatifu irudishwe kanisani jioni, na sasa ilikuwa saa tano ya asubuhi. Hakuna aliyewahi kuanza upya siku ile ile, kwa sababu hakuna injini wala katibu mkuu aliyewahi kukubali, lakini hakuna kanuni inayokataza. Ilimradi waanzie uwanjani, mbele ya watu.

“Mara ya pili?” alisema don Gumercindo. “Mwalimu, hiki kiti wewe umekikalia? Hiki si kiti, hiki ni ubao wa kufulia.”

“Sawa, kompadre,” alisema Nemesia. “Tusipande. Tushuke tu, tukamweleze komadre Basilia kwamba injini imeuawa na karatasi zake. Wewe utamwambia au nimwambie mimi?”

Don Gumercindo alifikiri juu ya chakula cha mchana, nadhani, na chakula cha jioni, na siku nyingine nyingi zinazofuata.

“Geuza,” akasema.

Walishuka wamezima injini. Uwanjani watu walidhani breki zimekatika, wakapisha njia mpaka ndani ya kanisa. Nemesia aliwaambia kwa sauti kilichotokea: kwamba amekwama, kwamba katibu mkuu ameshuka, na kwamba anaanza upya kwa ruhusa ya kitabu. Kulikuwa na manung’uniko kutoka kwa wenye vizibao, na mmoja aliuliza kama mwaka huu kanuni zinauzwa kwa kilo. Lakini don Gumercindo aliketi kimya nyuma, na mzigo ukikubali, nani atakataa kwa niaba yake.

Hatari yenyewe ilitoka upande mwingine. Doña Basilia alikuwa amekiona kile kinywa, kikiwa kitupu.

“Imekwisha kula yote,” alisema, na akafungua mfuko wa pili.

Nemesia alimwambia komadre wake kwamba imeshiba. Doña Basilia alijibu kwamba mwezi wa Agosti hakuna anayeshiba, na akaja na kiganja kimejaa. Hapo, anasema don Zenobio, lilitokea jambo ambalo mji haujamaliza kulizungumza. Don Gumercindo alivua kofia yake, akainyosha kwa mkono wa kulia mpaka ikakifunika kinywa cha shaba, na kwa mkono wa kushoto akaukamata mfuko.

“Basilia,” alisema. “Hii nitailisha mimi.”

Doña Basilia alimtazama mumewe kuanzia kipara mpaka kwenye kucha zilizobaki na rangi za karatasi zake, na labda aliona pale jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

“Haya. Lakini isikae na njaa,” alisema, akaachia mfuko, naye don Gumercindo akaiondoa kofia kwenye kinywa cha shaba, akaikalia.

Nilisikia bendi ikianza tena. Kona ya kwanza ilikuwa noti ya Julai. Kona ya pili ilikuwa ile ile, nene, bila haraka, kama don Zenobio mwenyewe amepanda na baragumu lake. Kona ya tatu walitokeza, na nikaona kwamba don Gumercindo alikuwa akiilisha ardhi kweli: kila hatua chache alichota karatasi akazirusha pembeni, kushoto, upande wa pili wa kinywa, na kilima kikabaki nyuma yao na mstari wa rangi. Walipita mbele yangu kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Nemesia hakunitazama. Alikuwa amefumba jicho moja, anasikiliza. Nilishusha macho kwenye miguu ya katibu mkuu na sikuyaondoa hapo mpaka kona ya tano, na naandika kama shahidi kwamba haikugusa kitu.

Kutoka kona yangu mpaka msalabani ni mwendo mfupi kwa mbuzi. Mimi niliumaliza kwa vituo vitatu. Nilipofika nilikuta pikipiki imesimama, Nemesia amekaa chini ya msalaba akila jibini na mahindi ya kukaanga, na don Gumercindo bado yuko juu ya kiti, kichwa wazi, masikio mekundu, akipigwa na upepo. Alikuwa amekwisha kumpongeza, kwa maneno mazuri. Sasa alitaka arudishwe mjini, kwa sababu supu ilikuwa ikipoa.

“Siwezi, don Gumercindo,” alisema Nemesia. “Asiye na kizibao hapakii abiria. Kanuni ya kwanza.”

Don Gumercindo alimkumbusha kwamba amempandisha sasa hivi mara mbili na kumshusha mara moja.

“Ulikuwa mzigo. Mtihani umekwisha. Sasa ni abiria.”

“Kizibao kinatolewa Jumapili, kwenye mkutano.”

“Basi nitakuja kukuchukua Jumapili,” alisema Nemesia, akamega kipande kingine cha jibini.

Don Gumercindo alinigeukia. Nilimthibitishia kwamba hiyo kweli ni kanuni ya kwanza, na kwamba iliandikwa kwa mkono wangu. Alikitazama kilima, kona zake zote tano. Alizitazama nguo za Nemesia. Kisha akaanza kufungua kamba za ubavuni, taratibu, akanung’unika kwamba katika mji huu mtu akiwa mwema anavuliwa nguo, akakivua kizibao namba moja na kumpa.

Kilimfika Nemesia magotini. Alikifunga mara mbili kiunoni kwa ile kamba iliyofungiwa viazi, akakung’uta makombo, akachungulia chini ya kiti kuhakikisha kwamba soksi ni safi, akawasha.

“Unakwenda wapi, abiria?”

“Nyumbani,” alisema don Gumercindo. “Polepole.”

Mimi nilishuka kwa miguu, kwa kuwa kiti kilikuwa kimejaa.